Barua ya wazi: Msipime methani peke yake

Kwa mawaziri wa nishati na wa mazingira, wakuu wa mamlaka zinazosimamia mafuta, gesi na makaa ya mawe, na wakurugenzi wa taasisi za hali ya hewa

YAH: KUITAMBUA METHANI INAYOTOKA KWENYE VISIMA, MABOMBA NA MIGODI

Waheshimiwa,

Kifaa cha kupima methani hewani kitawaambia ipo kiasi gani. Imetoka wapi, hakijui. Kama zabuni mnazoandaa zinataja methani tu, mtanunua vifaa vizuri na mtapata takwimu safi, lakini siku mtakapomwita mwenye kisima ajieleze, atanyoosha kidole kwenye zizi la ng'ombe lililo ng'ambo ya barabara, nanyi hamtakuwa na la kumjibu. Tunaoandika barua hii ndiyo kazi yetu kupima, na ombi letu kubwa ni moja: msipime methani peke yake. Pimeni na gesi zinazofuatana nayo, pimeni upepo, na mdai kumbukumbu za kazi za saa ileile kutoka kwa mwenye mtambo.

Uzito wa jambo lenyewe mnaujua. Kabla ya enzi ya viwanda methani hewani ilikuwa kama sehemu 700 na ushei kwa bilioni. Leo imepita 1,900. Katika kipindi cha miaka 20, tani moja ya gesi hii hupasha joto dunia zaidi ya mara 80 ya tani moja ya hewa ukaa. Nafuu ni kwamba haikai sana hewani, hudumu takriban muongo mmoja, kwa hiyo anayeziba uvujaji leo huona matokeo angali madarakani. Ahadi ya Kimataifa ya Methani ya mwaka 2021, ile ya kupunguza asilimia 30 ifikapo 2030 kulinganisha na 2020, ilijengwa juu ya hoja hiyo.

Tatizo ni hesabu zenyewe. Nyingi hutengenezwa mezani: idadi ya visima, vali na kompresa, kila kimoja kikizidishwa kwa kigezo cha kukisia. Mwaka 2022 Shirika la Kimataifa la Nishati lilisema methani ya sekta ya nishati inazidi kwa takriban asilimia 70 kiasi ambacho serikali zinakitangaza rasmi. Kule Marekani, utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulikusanya vipimo vya ardhini na vya ndege, ukapata kuwa mnyororo wa mafuta na gesi ulitoa tani milioni 13 mwaka 2015, sawa na asilimia 2.3 ya gesi iliyozalishwa na asilimia 60 juu ya hesabu ya serikali. Meza haikuiona tofauti hiyo kwa sababu uvujaji haugawanyiki sawasawa. Kwa kawaida asilimia 5 ya sehemu zinazovuja, zile kubwa kuliko zote, hubeba zaidi ya nusu ya gesi yote inayopotea. Vali imekwama ikiwa wazi, mfuniko wa tangi umesahauliwa, mwenge umezimika. Kigezo cha wastani hakina mahali pa kuandika mfuniko uliosahauliwa.

Mwenge wa kuchomea gesi unastahili mstari wake. Hesabu nyingi huchukulia kwamba mwenge huteketeza asilimia 98 ya methani inayopita ndani yake. Mwaka 2022 matokeo ya ndege zilizopima moshi wa mienge katika maeneo ya mafuta ya Marekani ya Permian, Eagle Ford na Bakken yalionyesha kuwa, ukijumlisha inayowaka vibaya na iliyozimika kabisa huku gesi ikiendelea kutoka, ufanisi halisi ni asilimia 91.1. Tofauti inaonekana ndogo hadi uigeuze: inayoponyoka ni karibu asilimia 9 badala ya 2, zaidi ya mara 4 ya ile iliyoandikwa kwenye fomu.

Sasa tuje kwenye kutambua chanzo.

Rafiki wa kwanza wa mpimaji ni ethani. Gesi iliyopikwa na joto la ardhini kwa mamilioni ya miaka hutoka na ethani ndani yake; ng'ombe, dampo, mashamba ya mpunga na vinamasi havitoi ethani ya kuhesabika. Kwa hiyo unaendesha gari au ndege kukata wingu la gesi upande wa chini ya upepo, yaani unakoelekea upepo, unapima methani na ethani kila sekunde, kisha unachora ethani dhidi ya methani. Mwinuko wa mstari ndio ushahidi. Mstari ukilala chini, methani inapanda na ethani haitikisiki, huenda mko kwenye zizi. Zikipanda pamoja na mwinuko ukawa sawa na wa gesi ya visima vya eneo hilo, mwenye kisima hana tena zizi la kunyooshea kidole.

Makosa huingia katika hilo neno "gesi ya visima vya eneo hilo". Uwiano wa ethani kwa methani hutofautiana sana, kutoka chini ya asilimia 1 hadi zaidi ya asilimia 10, na hata ndani ya eneo moja haukai mahali pamoja. Gesi ya kisimani ina uwiano wake. Mvuke wa juu ya tangi la mafuta ghafi una gesi nzito zaidi. Gesi iliyopita kiwanda cha kusafishia imeondolewa sehemu ya ethani ili iuzwe kando, kwa hiyo bomba la mjini linavuja gesi yenye alama tofauti na kisima kilichoilisha. Atakayechukua uwiano mmoja kutoka kitabuni atampa zizi lawama ya bomba, au kinyume chake. Ndiyo maana kibali cha kuchimba kinapaswa kumlazimisha mwenye leseni kuwapa sampuli ya gesi kutoka kisimani, kwenye kitenganishi, kwenye tangi na kwenye bomba la kutokea, ichambuliwe na maabara isiyochaguliwa naye, na irudiwe kila chanzo cha gesi kinapobadilika.

Kuna mitego mingine mitatu. Makaa ya mawe, na gesi ya kina kifupi iliyotengenezwa na vijidudu, huweza kuwa na ethani kidogo mno. Kukosekana kwa ethani si hati ya kutokuwa na hatia. Moto wa msituni na wa mashambani nao hutoa ethani, kwa hiyo pimeni monoksidi ya kaboni pamoja. Ikipanda kwa nguvu, mnanusa moshi. Na mwisho kuna uwezo wa kifaa: wingu likizidisha methani kwa 50 juu ya hewa safi na gesi ya eneo ina ethani asilimia 2, ethani itazidi kwa sehemu 1 tu kwa bilioni. Kifaa chenye makosa ya sehemu 5 kwa bilioni hakitaiona hata kiwe na kioo kizuri namna gani. Andikeni usahihi wa ethani kwenye zabuni kwa tarakimu, na muutake kwenye hewa yenye unyevu, maana mvuke wa maji huvuruga usomaji wa leza.

Rafiki wa pili ni isotopu, yaani atomu za aina moja zinazotofautiana uzito. Kaboni ya methani ina atomu chache nzito, kaboni-13, na uwiano wake huandikwa kwa sehemu kwa elfu kulinganisha na kiwango rejea. Methani ya vijidudu huwa karibu na −62, ya mafuta na gesi karibu na −44, ya moto kati ya −28 na −15 au hapo karibu kutegemea mimea iliyoungua. Hewa yenyewe iko kati ya −47 na −48. Watu wakiziona namba hizi hudhani kazi imekwisha, kwa hiyo tufanye hesabu mbele yenu.

Hewa safi ina methani 1,930 kwa bilioni yenye −47.5. Kisima kinaongeza 500 yenye −42. Mchanganyiko utakuwa −46.4, yaani umesogea kwa 1.1. Maabara nzuri yenye usahihi wa 0.1 inaliona hilo bila shida. Sasa punguzeni nyongeza iwe 50 tu, kiasi cha kawaida ukiwa kilomita kadhaa kutoka kisimani. Mchanganyiko unakuwa −47.4, umesogea kwa 0.14, na hapo huwezi kutenganisha gesi na makosa ya mashine. Sampuli ya mbali haina thamani ya nauli ya kuisafirisha. Chukueni sampuli pale ambapo nyongeza ni mamia, angalau chupa 6 kutoka pembeni hadi katikati ya wingu, na nyingine upande unakotoka upepo, kisha mchore isotopu dhidi ya kinyume cha kiasi cha methani. Mahali mstari unapokata mhimili ndipo ilipo alama ya chanzo. Chupa moja haichori mstari. Alfajiri ni saa nzuri, kwa sababu hewa ya chini haijaanza kupanda na gesi imejikusanya. Tumieni chupa za kioo zenye vali, zisukumwe hewa ya mahali hapo kwa muda wa kutosha kuitoa ile ya zamani kabla ya kufungwa. Mifuko ya plastiki hupitisha gesi ikikaa siku nyingi njiani.

Hata hivyo alama za isotopu hupishana. Ng'ombe wanaokula nyasi za nchi za joto hutoa methani nzito kuliko wanaokula majani ya nchi za baridi. Makaa ya mawe yanaweza kuanguka karibu popote kuanzia −70 hadi −30. Jibu la −53 linaweza kuwa mchanganyiko wa nusu kwa nusu wa zizi na bomba, au mgodi mmoja. Ethani na isotopu zikisemezana ndipo shauri husimama. Moja peke yake huacha mlango wazi. Kuna pia kaboni-14, ambayo kwa nadharia ndiyo hakimu bora kwa kuwa mafuta ya zamani hayanayo kabisa. Lakini mitambo ya nyuklia ya maji yenye shinikizo huitoa ikiwa ndani ya methani na kuharibu hesabu ya eneo zima, na kipimo chenyewe kinataka hewa nyingi na maabara ambazo ni chache. Hiyo waachieni watafiti.

Hapa kuna jambo ambalo mtaletewa mezani, na tungependa mlisikie kwetu kwanza. Tangu mwaka 2007 methani ya dunia imeanza kupanda tena baada ya kutulia kwa miaka kadhaa, na wakati huohuo kaboni-13 yake inashuka. Maana yake ni kwamba sehemu kubwa ya nyongeza hiyo inatoka kwa vijidudu: vinamasi, mifugo, madampo. Wapo watakaoliweka hilo mbele yenu wakisema visima havina neno. Wanachanganya nyongeza na jumla. Mwaka 2016 watafiti waliopanga upya kumbukumbu za isotopu za dunia nzima walipata kuwa methani ya nishati ya kisukuku, pamoja na inayojipenyeza ardhini kiasili, ni kubwa kwa asilimia 60 hadi 110 kuliko hesabu zilizokuwepo. Mwaka 2020 wengine wakapima kaboni-14 kwenye hewa ya kale iliyonaswa ndani ya barafu ya Greenland, wakaonyesha kuwa ile ya kiasili ni kidogo mno, hivyo sehemu ya binadamu ilikuwa imepunjwa kwa asilimia 25 hadi 40. Mambo yote mawili ni kweli kwa pamoja: ongezeko la karibuni limeegemea vijidudu, na mzigo wa visima ni mkubwa kuliko ulivyoandikwa.

Tuje kwenye upepo, ambao ndio huharibu ripoti nyingi kuliko kifaa chochote. Kiasi hewani si kasi ya uvujaji. Ili kupata kilo kwa saa mnakata wingu lote kwa upana na kimo, mnazidisha kwa kasi ya upepo. Chukueni wingu la upana wa kilomita 2, kimo cha mita 500, methani ya ziada wastani wa 50 kwa bilioni, ambayo kwa hewa ya kawaida ni kama mikrogramu 33 kwa mita ya ujazo. Upepo ukiwa mita 4 kwa sekunde, jibu ni karibu kilo 480 kwa saa. Mkikosea upepo kwa mita 1 tu, jibu linaondoka na kilo 120. Kituo cha hali ya hewa cha uwanja wa ndege ulio kilomita 40 kutoka hapo hakifai kwa hesabu hii. Wekeni kipimaupepo papo hapo, na msikubali ripoti ya siku ambayo upepo ulikuwa chini ya mita 2 kwa sekunde, maana hewa inapozubaa gesi hukusanyika na kuzunguka, na kila anayepima hupata jibu lake. Pale penye barabara nzuri, mbinu ya kufuatilia inashinda hesabu ya upepo: fungulieni gesi ya asetilini kando ya chanzo kwa kasi inayojulikana, pimeni gesi zote mbili chini ya upepo, na uwiano wao unatoa jibu bila kuhitaji kuujua upepo. Ila asetilini iwe karibu kabisa na mahali panapovuja. Ikiwekwa langoni huku tangi likivuja nyuma ya mtambo, mawingu mawili hayapandani na uwiano unadanganya.

Setilaiti zimesaidia sana na tunaziheshimu. TROPOMI, kifaa kilichorushwa ndani ya setilaiti Oktoba 2017, huona dunia karibu yote kila siku kwa vipande vya kilomita 5.5 kwa 7. GHGSat na Tanager-1 hukaza macho hadi mtambo mmoja. Lakini mzijue mipaka yake. MethaneSAT, iliyorushwa Machi 2024, ilipoteza mawasiliano Juni 2025. Mpango wa nchi usitegemee jicho moja. Mawingu ya angani huziba. Bahari na maziwa hunyonya mwanga, isipokuwa setilaiti ielekezwe kwenye mng'aro wa jua. Aina fulani za udongo na miamba hujifanya methani, kwa hiyo kila picha ilinganishwe na ramani ya uso wa ardhi kabla mtu hajapigiwa simu. Kubwa zaidi: kutoonekana si sifuri. Kama setilaiti huanza kuona kwenye kilo 100 kwa saa, mitambo 100 inayovuja kilo 50 kila mmoja inatoa tani 5 kwa saa na picha ikabaki nyeupe.

Na ikionekana, mtu ajibu. Umoja wa Mataifa kupitia shirika lake la mazingira, UNEP, una mfumo wa MARS unaotuma tahadhari kwa serikali na makampuni setilaiti zinapoona uvujaji mkubwa. Ripoti yake ya mwaka 2024 ilisema tahadhari zaidi ya 1,200 zilikuwa zimetumwa, na takriban asilimia 1 tu ndizo zilizopata jibu la maana. Mwaka uliofuata kiwango kikapanda hadi asilimia 12. Kisima kilicholipuka Mangystau, Kazakhstan, Juni 2023 kilitoa gesi kwa zaidi ya miezi 6. Watafiti waliosoma picha za setilaiti walikadiria zaidi ya tani 100,000 za methani, naye mwenye kisima akakana kuwa kiasi kikubwa kilitoka. Mabishano ya aina hiyo huamuliwa na rekodi za papo hapo, na kama hazikuchukuliwa siku ile, hazipatikani tena.

Kuhusu kusahihisha vifaa tutasema machache, kwa kuwa kila fundi mzuri anayajua. Mitungi ya gesi rejea ifungamanishwe na kiwango cha Shirika la Hali ya Hewa Duniani, la sivyo vituo viwili vya nchi moja havitalingana. Hewa ikaushwe au maji yahesabiwe: mvuke wa asilimia 1 unashusha methani kwa takriban 19 kwa bilioni, kiasi cha kutosha kuficha wingu dhaifu mnalolitafuta. Bajeti iwe na mitungi, pampu, vichujio na mshahara wa fundi kwa miaka 5. Kifaa kisicho na fundi hugeuka kabati.

Tunachoomba kiingie kwenye kanuni ni hiki. Kila mwenye leseni atunze kumbukumbu zenye saa sahihi: lini alifungua vali kupunguza shinikizo, lini alisafisha kisima, lini mwenge ulizimika. Kila mwenge uwe na kihisi cha moto na mita ya mtiririko, na rekodi zake zifike kwenu zenyewe bila kupitia kwa meneja. Vipimo vifanywe bila taarifa ya mapema, vikiwemo vya usiku. Uvujaji uliothibitishwa uwe na tarehe ya kuzibwa na kipimo cha pili baada ya kuzibwa, kwa kifaa kilekile. Data zote, pamoja na upepo na kumbukumbu za usahihishaji, ziwe wazi kwa umma.

Kama fedha hazitoshi kwa yote, anzeni na gari moja lenye kifaa cha methani na ethani, kipimaupepo, GPS na mitungi miwili ya gesi rejea. Chupa za isotopu zifuate. Mnara mrefu na mikataba ya ndege vije baadaye, mkishajua wapi pa kuvielekeza.

Na kabla hamjasaini na mzabuni yeyote, mpimeni mpimaji. Mpelekeni kwenye uwanja mtupu, mwachie methani kutoka kwenye mitungi kwa kasi anayoijua msimamizi wenu peke yake: kilo 2 kwa saa, kisha 20, kisha 5, na katikati ya zamu hizo muwe mmefunga vali kabisa bila kumwambia. Akiwaletea jibu la kilo 15 kwa zamu ambayo vali ilikuwa imefungwa, mrudishieni bahasha yake.

Wenu katika kazi,
Wapimaji wa gesi hewani